Mwaka Wageni Walipokosekana: Kisa cha Zanzibar cha 2020, Kikipimwa na Maldivi na Hispania

Takwimu tatu za mwaka 2020 zinamshangaza kila anayeziweka pamoja kwenye ukurasa mmoja. Maldivi, nchi ya visiwa ambayo riziki yake kubwa hutoka kwa wageni na kwa samaki, ilipoteza karibu theluthi moja ya pato lake la taifa. Hispania, ya pili duniani baada ya Ufaransa kwa wingi wa watalii inaowapokea, ilipoteza takribani asilimia 11. Zanzibar, ambayo viongozi na wachumi wake wamezoea kusema kwamba utalii huiingizia takribani asilimia 80 ya fedha za kigeni na zaidi ya robo ya pato lake, haikupoteza chochote vitabuni: uchumi wake ulikua kwa asilimia 1.3, baada ya kukua kwa asilimia 7 mwaka uliotangulia.

Ugonjwa ulikuwa mmoja, UVIKO-19, na idadi ya watalii ilianguka kotekote. Zanzibar yenyewe ilishuka kutoka wageni wapatao 538,000 mwaka 2019 hadi takribani 260,000 mwaka 2020, yaani zaidi ya nusu walikosekana. Inakuwaje basi nchi ipoteze nusu ya wateja wa biashara inayotajwa kuwa uti wa mgongo wake, na bado hesabu za mwisho wa mwaka zioneshe ukuaji? Jibu rahisi, ambalo lilisikika sana wakati ule, ni kwamba uchumi ulikuwa imara. Uchambuzi huu unafuata jibu jingine: sehemu kubwa ya fedha za utalii haikuwa ikitua Unguja tangu mwanzo, kwa hiyo kuondoka kwake hakukuacha pengo kubwa kwenye vitabu vya Unguja, na sehemu iliyokuwa ikitua ilipita mikononi mwa watu ambao vitabu hivyo havikuwa vikiwaona vizuri, hata ilipokauka.

Nchi tatu, njia tatu za kuingia

Ili kuelewa kilichotokea mwaka 2020, ni lazima kurudi nyuma na kutazama jinsi kila nchi ilivyoufungulia utalii mlango, maana mlango wa kuingilia ndio uliokuja kuwa wa kutokea.

Zanzibar iliingia kwa kusukumwa. Kwa zaidi ya karne moja karafuu za Unguja na Pemba, hasa Pemba, zilitosha kuendesha serikali, iwe ya Sultani au ya Mapinduzi. Mnunuzi mkubwa, Indonesia, ambayo watu wake huchanganya karafuu kwenye sigara, ilipopanda mashamba yake na kujitosheleza, bei ya soko la dunia ilianguka katika miaka ya 1980, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambalo lilikuwa mnunuzi pekee kutoka kwa wakulima, halikuwa tena na faida ya kuibeba hazina. Serikali ililegeza biashara katikati ya muongo huo, ikatunga sheria ya kulinda vitega uchumi mwaka 1986, na mwaka 1992 ikaunda Kamisheni ya Utalii. Kwa kuwa ardhi yote ilikuwa imefanywa mali ya Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, mwekezaji hakuhitaji kununua kiwanja kwa mwanakijiji. Alipewa mkataba wa kukodi kwa miaka mingi, na mwanakijiji akalipwa fidia ya minazi yake. Pwani ya Kiwengwa ikajaa hoteli za Waitaliano, Nungwi na Kendwa zikafuata, kisha Paje na Jambiani upande wa kusini mashariki. Pemba, iliyokuwa ikiilisha Zanzibar kwa karafuu, ilipata hoteli za kuhesabika, na hadi leo utalii wa Zanzibar ni utalii wa Unguja.

Maldivi iliingia kwa kupanga. Hoteli yake ya kwanza ya kitalii, Kurumba, ilifunguliwa mwaka 1972, na tangu hapo sera ilikuwa kisiwa kimoja, hoteli moja: mgeni hukaa kwenye kisiwa kisicho na wakazi, mwenyeji hubaki kwenye kisiwa chake, na serikali hukodisha visiwa na kupokea kodi. Si hadi mwishoni mwa muongo wa 2000 ndipo wananchi waliporuhusiwa kufungua nyumba za wageni kwenye visiwa wanavyoishi. Hispania iliingia mapema kuliko zote na kwa upana zaidi. Baada ya mpango wake wa kuimarisha uchumi wa mwaka 1959, ambao ulishusha thamani ya peseta na kufungua mipaka kwa mitaji, wageni waliongezeka kutoka takribani milioni 6 mwaka 1960 hadi zaidi ya milioni 30 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Fedha zao zilitumika kununulia mitambo ya viwanda vya nchi ambayo tayari ilikuwa na wakulima wa mizeituni, wavuvi, waashi, mabenki na shule za ufundi. Mtalii wa Hispania alikula nyanya ya Hispania, akanywa divai ya Hispania, akalala kwenye hoteli ambayo mara nyingi mwenyewe ni Mhispania. Kampuni za hoteli zilizozaliwa Mallorca, kisiwa cha Hispania, zimekua hata zinamiliki hoteli katika Karibi.

Uzito wa wageni pia haulingani. Mwaka 2019 Hispania ilipokea wageni milioni 83.5 kwa wakazi takribani milioni 47, wastani wa karibu wageni wawili kwa kila mkazi. Maldivi ilipokea milioni 1.7 kwa wakazi takribani nusu milioni, zaidi ya watatu kwa kila mmoja. Zanzibar ilipokea mgeni mmoja kwa kila wakazi watatu hivi. Kwa kipimo hicho, Zanzibar ndiyo iliyokuwa na utalii mwembamba kuliko zote, ingawa katika mazungumzo ya kisiasa ndiyo iliyokuwa ikiuegemea kwa maneno makubwa zaidi. Hilo peke yake linapunguza mshangao wa takwimu za 2020, lakini haliuondoi.

Kufunga na kufungua

Kabla ya Machi 2020 haijaisha, ndege za watalii kwenda Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa, na Aprili Tanzania nzima ikasitisha ndege za abiria kutoka nje. Tarehe 18 Mei anga likafunguliwa tena. Ilikuwa ni mojawapo ya nchi za mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo, huku serikali ikiwa imeacha kutangaza idadi ya wagonjwa tangu mwisho wa Aprili.

Hapa ndipo jambo moja la kawaida, ambalo wachambuzi wa mbali hulipita, lilipofanya kazi yake. Aprili na Mei ni masika. Kila mwaka, ugonjwa uwepo au usiwepo, hoteli nyingi za pwani ya mashariki hufunga milango au hupunguza wafanyakazi katika miezi hiyo, hupaka rangi, hubadilisha makuti, na kuwapeleka watu likizo ambayo kwa wengi haina malipo. Mwaka 2020 Ramadhani nayo iliangukia humohumo, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Idi ya tarehe 24 Mei. Kufungwa kwa anga kulikuja katika miezi ambayo hesabu za hoteli huwa chini hata katika mwaka mzuri, wakati Januari na Februari, miezi ya joto na wageni wengi, ilikuwa imekwisha kuvunwa. Familia za Bwejuu na Matemwe zilikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kupita miezi miwili bila mshahara. Mazoea hayo hayapaswi kuitwa uimara. Ni umaskini uliokwisha kupangiwa ratiba. Lakini kwa mtakwimu yanaonekana kama mstari ambao haukuanguka.

Maldivi ilifunga mwisho wa Machi na kufungua tarehe 15 Julai. Sera yake ya zamani ya kutenga wageni, ambayo kwa miaka mingi ililaumiwa kwa kuwanyima wenyeji nafasi, ghafla ikawa dawa: kisiwa chenye hoteli moja ni karantini iliyojengwa tayari, na tajiri aliyechoka kujifungia mjini kwake alikuwa radhi kulipa ili akajifungie kando ya bahari. Kufikia mwaka 2021 wageni walirudi hadi milioni 1.3. Ila nyumba za wageni za wenyeji, zile zilizoko kwenye visiwa vyenye shule na misikiti, hazikuruhusiwa kufungua pamoja na hoteli kubwa. Zilingoja hadi katikati ya Oktoba. Sababu ya kiafya ilikuwa wazi na ya haki, lakini matokeo yake kiuchumi ni kwamba mlango uliofunguliwa kwanza ulikuwa wa wenye mitaji, na mwenye vyumba sita aliyekopa benki kuvijenga akaachwa akihesabu riba.

Zanzibar haikuwa na utaratibu wa namna hiyo, na haikujaribu kuutunga. Ilipofungua, ilifungulia kila mtu, bila karantini ya lazima kwa kila anayeshuka. Agosti 2020 Urusi iliporudisha safari zake za nje ilianza na nchi chache tu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwake. Ndege za kukodi zikaanza kushuka kutoka Urusi, Ukraine na Poland, na soko ambalo miaka michache nyuma halikuwa na uzito mkubwa Unguja likawa ndilo linaloshikilia hoteli za Nungwi na Kiwengwa, hata wauzaji wa sanaa wakaanza kubandika vibao kwa herufi za Kirusi. Gharama ya uwazi huo kwa afya haikuandikwa, kwa sababu hakuna takwimu zilizotolewa hadi katikati ya 2021. Kinachojulikana ni kwamba Februari 2021 Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, alifariki dunia, wiki chache baada ya chama chake kutangaza kuwa ameambukizwa. Atakayeisifu sera ya kufungua kwa kutazama mapato peke yake hana budi kukumbuka kwamba upande wa pili wa daftari uliachwa mtupu kwa makusudi.

Hasara iliyosafirishwa

Tuchukue mgeni mmoja wa kawaida wa Kiwengwa kabla ya janga. Amelipia safari yake Milano kwa kampuni inayouza kifurushi: ndege, chumba, milo mitatu na vinywaji. Ndege ni ya kwao. Kampuni huchukua ujira wake palepale. Sehemu inayobaki hulipwa hotelini, na mara nyingi mwenye hoteli naye ana akaunti yake Ulaya. Kinachovuka bahari hadi Unguja ni kile tu ambacho hakiwezi kununuliwa mahali pengine: mishahara, umeme, maji, kodi, samaki, na baadhi ya chakula. Nasema baadhi kwa sababu udongo wa pwani ya mashariki ni wa mawe, na kabichi, karoti na viazi mbatata vya jikoni hutoka Bara, Lushoto na nyanda nyingine za baridi, vikivushwa kwa majahazi na meli kutoka Tanga na Dar es Salaam. Jibini na divai hutoka mbali zaidi. Umeme wenyewe huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Ulipokatika Mei 2008, na tena Desemba 2009 kwa miezi mitatu, kila hoteli yenye uwezo ilinunua jenereta, na dizeli nayo ni bidhaa ya kuagizwa.

Mishahara nayo haikubaki yote. Mpishi, mhasibu na msimamizi wa mapokezi mara nyingi walikuwa watu wa Bara au wa Kenya, kwa sababu hoteli zilitaka watu waliokwisha kufunzwa na zikawapata kwa urahisi zaidi Arusha na Mombasa, na kwa sababu familia nyingi za Unguja zilisita kumpeleka binti kufanya kazi mahali penye baa. Malumbano ya nani ana haki ya kazi za hotelini ni ya zamani, na yana uchungu wake pande zote mbili; hapa yanatuhusu kwa jambo moja tu, kwamba sehemu ya mshahara uliolipwa Kiwengwa ilikuwa ikitumwa kwa simu kila mwisho wa mwezi kwenda Moshi, Tanga au Kilifi.

Aprili 2020 ilipofika, vitu hivi vyote viligeuka. Kampuni ya Milano ilipoteza mauzo, shirika la ndege likapoteza mauzo, mkulima wa Lushoto akabaki na kabichi shambani, na mpishi akapanda boti kurudi kwao akiwa hana kitu cha kutuma. Hasara hiyo ni ya kweli, lakini haikuandikwa Zanzibar. Nchi iliyokuwa ikisafirisha nje sehemu kubwa ya faida ya utalii ilisafirisha vilevile sehemu kubwa ya hasara, na huo ndio msingi wa ile asilimia 1.3. Maldivi nayo huagiza karibu kila kitu na hutegemea vibarua wengi kutoka Bangladesh na India, lakini haikuwa na sekta nyingine ya kuficha anguko: hakuna kilimo cha maana kwenye visiwa vya mchanga, na serikali hutegemea kodi za visiwa na za watalii moja kwa moja. Zanzibar ina mpunga wa Cheju, mihogo, karafuu, ujenzi wa barabara na majengo ya serikali, na biashara ya soko la Darajani ambayo haingoji mtalii ili ifungue duka.

Kuna kinga ya pili ambayo haikuwa ya Zanzibar yenyewe. Sarafu yake ni shilingi ya Tanzania, na mwaka 2020 dhahabu, ambayo Agosti ilivuka dola 2,000 kwa wakia katika soko la dunia, ilishika nafasi ya kwanza kwa kuiingizia Tanzania fedha za kigeni, ikiupita utalii. Mgodi wa Geita uliilinda bei ya mchele wa Unguja bila mtu wa Unguja kujua. Ushelisheli, ambayo nayo huishi kwa wageni na kwa jodari wa makopo lakini ina sarafu yake peke yake, iliiona rupia yake ikianguka kutoka karibu 14 kwa dola hadi zaidi ya 20 ndani ya mwaka huo, wakati shilingi ilibaki karibu na 2,300. Wanaopenda kulinganisha visiwa hivi viwili kwa kuangalia uzuri wa fukwe husahau jambo hili.

Pweza na mwani

Hata hivyo asilimia 1.3 si hadithi ya watu kusalimika. Sensa ya 2022 ilionesha kwamba wakazi wa Zanzibar wamekuwa wakiongezeka kwa asilimia 3.7 kwa mwaka tangu 2012, na walifikia karibu milioni 1.9. Uchumi unaokua kwa asilimia 1.3 katika jamii inayoongezeka kwa kasi hiyo maana yake ni kwamba fungu la kila mtu lilipungua. Na halikupungua sawasawa.

Mfuate pweza. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi karibu na mwamba, wanawake kwa wanaume wa Jambiani na Paje hutembea kwa miguu wakiwa na kijiti chenye ncha, wakachokonoa mashimo ya matumbawe, wakamvuta pweza na kumpigapiga juu ya jiwe alainike. Ufukweni kuna mchuuzi mwenye mizani ya kuning'iniza na pikipiki yenye deli. Yeye huchagua: wakubwa wasio na majeraha hupelekwa mlango wa nyuma wa hoteli, wadogo huenda mnadani kwenye diko, yaani bandari ya wavuvi, au sokoni mjini kwa ajili ya supu. Tofauti ya bei kati ya milango hiyo miwili ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Hakuna mkataba, hakuna risiti yenye jina la mvuvi, hakuna mahali ambapo hoteli imeandika kwamba inamwajiri. Hoteli zilipofunga, pweza wote, wakubwa kwa wadogo, wakabanana kwenye mlango mmoja wa diko, na mchuuzi akawa na haki ya kutaja bei anayotaka. Mvuvi huyo hakupoteza ajira kwa maana ya sheria, maana hakuwahi kuwa nayo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mchora hina, mwenye ngalawa ya kupeleka watu kuogelea, mwanamke wa vitumbua anayewauzia wafanyakazi wa hoteli asubuhi, na kijana papasi, anayewafuata watalii kuwauzia huduma, ambaye serikali yenyewe imewahi kumfukuza ufukweni kama kero.

Kando ya njia hiyohiyo ya maji kupwa kuna vijiti vya mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989 kwenye pwani hizi za mashariki, na kimekuwa kazi ya wanawake zaidi. Mwani mkavu husafirishwa nje na kutumiwa kuimarisha vyakula na vipodozi. Bei yake kwa mkulima ni ndogo hata kusikitisha, na ndiyo maana utalii uliposhamiri Paje wanawake wengi waliuacha, wengine kwa sababu wamepata biashara bora, wengine kwa sababu hoteli hazikupenda vijiti na harufu mbele ya vyumba vyake. Lakini mnunuzi wa mwani hakuja kwa ndege ya watalii. Wapo waliorudi kufunga kamba mwaka 2020, na kilo zao ziliingia kwenye takwimu za usafirishaji. Mtu anayesoma takwimu hizo bila kuujua ufukwe atadhani ameona maendeleo, kumbe ameona watu wakirudi kwenye kazi waliyokuwa wameikimbia.

Nani aliyemdaka aliyeanguka

Hispania iliumia kuliko Zanzibar vitabuni, lakini watu wake waliumia pungufu. Wageni wake walianguka hadi milioni 19 mwaka 2020, na visiwa vya Baleari, ambavyo utalii ndio maisha yake, vilipoteza zaidi ya asilimia 20 ya pato. Lakini katika wiki za kwanza tu serikali ilitumia mpango uitwao kwa kifupi ERTE, ambao humruhusu mwajiri kusimamisha kazi bila kumfukuza mfanyakazi, huku hazina ikilipa sehemu kubwa ya mshahara. Kilele chake kilifikia watu zaidi ya milioni 3. Mhudumu wa Mallorca alibaki nyumbani akiwa na jina lake kwenye orodha ya hoteli na fedha kwenye akaunti. Mpango huo uliwezekana kwa sababu mhudumu alikuwa ameandikishwa, kwa sababu serikali iliweza kukopa kwa riba ndogo chini ya kivuli cha Benki Kuu ya Ulaya, na kwa sababu Julai 2020 Umoja wa Ulaya ulikubaliana juu ya mfuko ambao mgao wa Hispania ulikadiriwa kufikia euro bilioni 140. Zaidi ya hayo, Wahispania wenyewe walisafiri: kiangazi kile Galicia na Asturias zilipata wageni wa ndani ambao miaka mingine wangeenda nje. Nchi yenye tabaka la kati kubwa ina watalii wa akiba.

Maldivi nayo iliwadaka watu wake, lakini kwa mkopo. Ilikopa ndani, ikakopa India, na mwaka 2021 ikauza hatifungani ya Kiislamu ya dola milioni 500 ya kulipwa 2026. Deni la serikali lilishazidi pato lote la mwaka, na ingawa wageni walivuka milioni 2 mwaka 2024, mwaka huohuo masoko yalianza kuuliza kama italipa, hadi Oktoba India ikaipa nafasi ya kubadilishana fedha ya dola milioni 400. Rekodi ya wageni na wasiwasi wa kufilisika katika mwaka mmoja: hakuna mfano bora wa kuonesha kwamba kuhesabu pasipoti uwanja wa ndege na kuhesabu fedha zilizobaki benki ni kazi mbili tofauti.

Zanzibar haikukopa kwa kiwango hicho, na haikumdaka mtu kwa kiwango hicho pia. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, ulioanza mwaka 1998, unawafikia walioandikishwa. Kitu kilichokuwa tofauti ni pensheni jamii iliyoanzishwa Aprili 2016, ambayo humlipa kila mkazi aliyefikia miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Kiasi cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Katika nyumba ya Matemwe yenye bibi mmoja na vijana watatu waliorudishwa kutoka hotelini, pesa ile ilikuwa miongoni mwa fedha chache ambazo hazikutegemea ndege. Ni kidogo mno, lakini inaonesha kwamba Serikali ya Mapinduzi inajua jinsi ya kumlipa mtu asiye na mwajiri, na kwamba orodha na njia za malipo zipo.

Baada ya wageni kurudi

Wageni walirudi Zanzibar kwa kishindo: zaidi ya 548,000 mwaka 2022, zaidi ya 638,000 mwaka 2023, zaidi ya 736,000 mwaka 2024. Hispania ilikaribia milioni 94 mwaka huo wa 2024, na huko kilichorudi pamoja nao ni hasira: Aprili maelfu waliandamana katika visiwa vya Kanari wakilalamikia kodi za nyumba na maji, na Juni meya wa Barcelona alitangaza kuwa kufikia Novemba 2028 leseni za takribani nyumba 10,000 za kupangisha watalii hazitahuishwa. Hilo ni tatizo la nchi ambayo fedha za utalii hubaki ndani kiasi cha kupandisha bei ya chumba cha mwenyeji. Zanzibar bado haijafika hapo, isipokuwa labda Paje, ambako ardhi ya ukoo imekuwa mada ya kila baraza.

Udhaifu wa soko moja ulijitokeza haraka. Aprili 2021 Urusi ilisitisha kwa muda ndege za kwenda Tanzania, na Februari 2022 vita vilipoanza mamia ya Waukraine walikwama Unguja bila ndege wala fedha, wengine wakihifadhiwa na hoteli kwa ihsani. Tangu hapo masoko yametanuka, lakini kabichi bado inatoka Lushoto na umeme bado unatoka Bara kupitia Fumba. Chuo cha utalii cha Maruhubi, chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kinatoa wahitimu kila mwaka, na hilo taratibu linabadilisha sura za mapokezi hotelini. Kwa maoni yangu ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko uzinduzi wowote wa hoteli mpya, ingawa haikatiwi utepe na mawaziri wengi.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hulazimika kununua bima ya safari ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar. Bima hiyo inamlinda mgeni: ugonjwa wake, mizigo yake, kurudishwa kwake kwao. Kwa hesabu ya wageni wa 2024, hata baada ya kuwatoa wasiohusika, ni makumi ya mamilioni ya dola kwa mwaka, zikikusanywa kabla mtu hajatoka uwanjani, mahali ambapo kampuni ya Milano haiwezi kuzichukua. Maldivi hutoza kodi ya kijani kwa kila usiku, dola 6 tangu 2015 na dola 12 kwa hoteli kubwa tangu 2025, na huipeleka kwenye mfuko wa mazingira. Kilichokosekana pande zote mbili ni dola moja au mbili zinazotengwa kwa jina la mtu wa diko: mfuko unaojazwa wakati ndege zinatua, wenye orodha ya wavuvi, wachuuzi, wapiga makasia na wakulima wa mwani iliyoandikwa na masheha (viongozi wa shehia), na unaolipa kwa njia ileile inayolipia pensheni jamii pale idadi ya wanaotua inaposhuka chini ya kiwango kilichokubaliwa. Kamisheni ya Utalii haihitaji mtaalamu kutoka nje ili kukipanga kiwango hicho. Takwimu za mwezi kwa mwezi za wageni wanaoingia hutangazwa na serikali yenyewe, na mwezi wa Mei wa kila mwaka, masika yakiwa juu, unatosha kuufanyia majaribio.